Picha ya Marehemu

Somo: Mwanzo 9:20–23

Wapendwa, Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, alipigwa risasi jioni ya Ijumaa Kuu mwaka 1865, akafariki kesho yake asubuhi. Aprili 24 mwili wake ulikuwa New York, katika jumba la City Hall, watu wakipita kutoa heshima za mwisho. Humo ndimo Jeremiah Gurney alipopiga picha iliyopo hadi leo: jeneza wazi, vitambaa vyeusi vimetanda ukutani, na maafisa wawili wa kijeshi wamesimama wima kulilinda, Admirali Charles Davis upande mmoja na Jenerali Edward Townsend upande wa pili.

Waziri wa Vita, Edwin Stanton, alipoisoma habari hiyo magazetini alikasirika sana. Akaamuru vioo vya picha viharibiwe, kwa ajili ya wafiwa. Townsend angeweza kumsukumia Davis lawama, maana wakati ule Davis ndiye aliyekuwa zamu. Hakufanya hivyo. Alijibu kuwa kuzuia lilikuwa jukumu lake yeye. Nakala moja ilisalia kwenye karatasi za Stanton mwenyewe, ikaja kuonekana mwaka 1952, mjane na watoto wote wa Lincoln wakiwa wamekwisha kulala.

Historia imefaidika na nakala ile, sikatai. Hata hivyo mimi nasimama na Stanton.

Shemu na Yafethi, wana wa Nuhu, walijua baba yao amelala uchi hemani, kwa kuwa ndugu yao Hamu alikwisha kuwatangazia. Walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume ili wasimwone. Hebu fikirini ugumu wa kutembea hivyo ndani ya hema. Nuhu alikuwa hai na amelewa. Marehemu wetu hawezi hata kuamka akajifunika.

Siku hizi jeneza likifunguliwa, simu zinainuliwa kabla mjane hajapata wa kumshika. Picha ya uso wa marehemu inazunguka kwenye magrupu, na mtoto wake aliye bado njiani, kwenye basi, anapata habari ya kifo cha baba yake kwa njia hiyo. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu wanaoinua simu ni sisi waumini, tena wengine tumevaa sare za kwaya.

Wiki hii tukienda msibani tuwashike wafiwa mkono kwanza. Na kama unayo picha ya namna hiyo kwenye simu yako, waulize wenye msiba, wasiporidhia, ifute.