Siku moja maishani mwangu: mshale usiopita nusu

Saa 12:30 asubuhi. Leo nimefungua gereji mapema. Jana usiku alinipigia simu dereva mmoja wa gari ya abiria ya Chake–Mkoani, hapa Pemba, sauti imemkauka. Dyna yake, lori dogo la Toyota lenye bodi la mbao, ilimzimikia mlimani na abiria ndani. Mafuta yaliisha. Na dizeli ikiisha, si jambo la kumimina dumu ukawasha ukaondoka. Hewa imeshaingia kwenye mipira, lazima upige ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka hewa yote itoke. Watu walikaa juani karibu saa nzima, mmoja wao bibi aliyekuwa akipelekwa hospitali. Hilo la bibi ndilo lililoninyima usingizi.

Saa 1:15. Gari imefika. Dereva ni mtu mzima, rika la baba yangu mdogo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Fundi, geji hii ya mafuta imenichosha. Mwaka mzima mshale unalala karibu na 'E', kwa hiyo tunapima kwa kijiti."

Nikamuuliza swali moja ninalomuuliza kila mtu mwenye geji mbovu: ukijaza tenki mpaka juu, mshale unafika wapi?

"Hata nikijaza, haupiti nusu."

Jibu hilo lilinipa nusu ya kazi. Waya ukikatika, mshale haunyanyuki kabisa. Huu unanyanyuka, lakini umepungukiwa. Njiani kuna kitu kinauzuia umeme.

Akaniambia pia kuwa mtu mmoja alishamshauri anunue dashibodi nzima iliyotumika. Nilimwomba asubiri. Sipendi mtu auziwe kifaa kabla ya mita ya kupimia umeme kusema.

Saa 2:00. Chai na mkate wa ajemi, upesi upesi. Huku najaribu kumweleza kijana ninayemfundisha namna geji inavyofanya kazi. Ndani ya tenki mna boya linaloelea juu ya mafuta. Boya limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo unaburura kijiulimi juu ya njia ya ukinzani, yaani inayouzuia umeme. Kwenye Toyota za namna hii nilizopima, tenki likijaa mita husoma kama omu (kipimo cha ukinzani) 3 au 4, likiwa tupu hupanda hadi kama 110. Ukinzani mdogo, mshale juu; ukinzani mkubwa, mshale chini. Magari mengine ya Marekani yamepangwa kinyume, tupu ndiyo sifuri, ndiyo maana boya la gari moja huwezi kulipachika kwenye gari nyingine kwa kuwa tu limeenea kwenye tundu.

Saa 2:40. Tumeingia chini ya gari. Tenki la Dyna liko ubavuni mwa chesisi, kwa hiyo hakuna kung'oa viti. Nimechomoa plagi ya boya, switchi imewashwa, mshale umelala. Kisha nimeunga ule waya wa geji kwenye chesisi kupitia balbu ndogo. Balbu naiweka makusudi. Ukigusisha waya moja kwa moja kwa muda mrefu unaweza kuichoma geji yenyewe. Kijana yuko kwenye usukani: "Unapanda, fundi! Unakwenda kwenye 'F'!" Unapanda polepole, kama geji za zamani zinavyopanda. Basi geji nzima, na waya kutoka dashibodi mpaka tenki mzima. Hela ya dashibodi imeokoka hapo.

Nikazima switchi, nikapima boya. Mguu mmoja wa mita kwenye pini ya boya, wa pili kwenye kifuniko chake: omu 40. Kijiti cha dereva kinaonyesha tenki limepungua kidogo tu chini ya nusu, kwa hiyo boya linasema kweli. Nikauhamisha ule mguu wa pili kutoka kwenye kifuniko nikauweka kwenye chuma cha chesisi nilichokikwangua: 85.

Omu 45 zimezaliwa katikati ya boya na chesisi. Athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye chesisi.

Nilimwita kijana aje aone kwa macho yake. Waya mweusi wa athi umefungwa kwa boliti moja chini ya bodi, na boliti imegeuka donge la kutu ya kijani na nyekundu. Gari hii inabeba magunia ya mwani na matenga ya samaki. Maji ya chumvi yanachuruzika kupitia mbao na yanaangukia hapo hapo. Ongeza 45 kwenye 4 za tenki lililojaa, unapata 49, na kwa 49 mshale haufiki nusu. Kila alichosema ami sasa kina sababu yake.

Saa 4:30. Boliti imekatika tulipoifungua, kama nilivyotegemea. Tumetoboa tundu jipya mahali pakavu zaidi, tumekwangua rangi mpaka chuma king'ae, nimetia kichwa kipya cha waya kwa lehemu, nimekaza, nimepaka grisi juu. Mita sasa inasoma 40 kote.

Kazi ingeweza kuishia hapo, na dereva alishaanza kutafuta ufunguo. Lakini boya la miaka yote hiyo siliachi bila kulitazama. Tumeondoa waya wa hasi wa betri, tukafungua skrubu tano, tukalitoa. Nikalitikisa sikioni, halina mafuta ndani. Kisha nikausogeza mkono pole pole huku kijana anasoma mita kwa sauti: "Nne... kumi na mbili... thelathini... sitini... imepotea! Themanini..." Pale penye "imepotea" pana uchafu mweusi wa dizeli, na ni sehemu ya karibu na robo, yaani hasa pale dereva anapouhitaji mshale. Kijana akachukua msasa. Nikamzuia mkono. Msasa unakula ile njia yenyewe, kesho huna cha kutengeneza. Kitambaa laini na petroli kidogo, mbali na moto, na subira. Mara ya tatu hesabu ilipita bila kukatika.

Gaskiti ya zamani imepasuka, tumekata mpya.

Saa 7:00. Adhuhuri, halafu wali na samaki wa kupaka. Upepo ulileta harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara.

Saa 8:30. Gari ya pili ni Noah, mshale umekwama kwenye "F" siku zote. Nikachomoa plagi kwenye tenki, mshale haukushuka, kwa hiyo waya umegusa bodi mahali fulani. Aliyefunga spika alipitisha skrubu katikati ya waya chini ya zulia. Kwa robo saa kazi imekwisha. Ugonjwa huu kwangu ni mbaya kuliko ule wa asubuhi, kwa sababu mshale wa "E" humtia mtu wasiwasi, lakini wa "F" humpa utulivu mpaka gari izime.

Saa 10:45, baada ya alasiri. Ami amerudi kutoka kituo cha mafuta, ameongeza lita 20, na mshale umevuka nusu. Aliutazama muda, hakusema kitu. Akaniuliza kijiti akitupe?

"Hapana, ami. Wiki hii pima kila asubuhi kwa kijiti, kisha angalia mshale. Vikikubaliana siku saba, uamini mshale. Na ile boliti, kila ukibeba mwani imwagie maji yasiyo ya chumvi."

Amenilipa, ameondoka kwenda Mkoani na abiria wa jioni. Kwenye daftari nimeandika: Dyna, boya 40, chesisi 85, athi chini ya bodi. Kijana ameomba aandike yeye mstari wa Noah.