Kiuavijasumu Kisitangulie: Kuwatibu Samaki Wapya wa Bahari Wakiwa Karantini

Samaki wa bahari wa mapambo anayeuzwa Kampala ametoka mbali. Mara nyingi amevuliwa kwenye matumbawe ya pwani ya Kenya, akawekwa kwenye vyombo vya mvuvi na kisha vya mfanyabiashara, akafungwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni, ndipo akasafirishwa kwa ndege hadi Entebbe au kwa barabara kupitia Malaba. Safari nzima hapewi chakula, kwa sababu samaki aliyeshiba huchafua maji ya mfuko. Wavu umemkwangua ute unaolinda ngozi yake, na amonia anayoitoa mwenyewe imeanza kumuunguza matamvua. Bakteria ambao huwamo majini siku zote bila kumdhuru samaki mwenye afya, hasa wale wa jenasi ya Vibrio, hupata hapo mlango wa kuingilia. Kwa hiyo ninapomwona mtu ameshika pakiti ya kiuavijasumu, yaani dawa ya kuua bakteria, kwa sababu samaki aliyemnunua juzi ana jicho lenye ukungu au pezi lililochakaa, namsihi aiweke chini kwanza. Dawa hizo zina mahali pake, nami nitazieleza, lakini maambukizi ya bakteria kwa samaki mgeni karibu kila mara yametanguliwa na jambo jingine, na jambo hilo lisipotafutwa, dawa haitamaliza kazi.

Tangi la karantini, yaani tangi la pembeni ambamo samaki mgeni hutengwa kabla ya kuunganishwa na wengine, halihitaji urembo. Lita 60 hadi 80 zinawatosha samaki wadogo wawili au watatu. Sakafu iwe tupu, kuwe na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita, na kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Sifongo hiyo ikae wiki kadhaa kwenye tangi lenye afya kabla samaki hajafika, ili bakteria wanaobadilisha amonia wawe wamekwisha kuota ndani yake. Kwa walio Uganda nina neno moja la ziada: chumvi ya Katwe haifai kutengenezea maji ya bahari. Ziwa Katwe limo ndani ya kreta ya volkeno, na chumvi yake ina kabonati na salfeti nyingi za sodiamu, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa haba, tofauti kabisa na bahari. Nunua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya matangi, uiyeyushe katika maji ya bomba yaliyokwisha kuondolewa klorini, na umuulize muuzaji samaki wake wamezoea ukolezi gani, kwa sababu samaki huumia zaidi chumvi inapopandishwa haraka kuliko inaposhushwa.

Jambo ambalo watu wa pwani hawalazimiki kulifikiria ni mwinuko wetu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo, maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa kiasi cha asilimia 13 hivi kuliko maji ya aina hiyohiyo yaliyoko Mombasa. Maji ya chumvi tayari hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na dawa zikiongezwa hali huzidi kuwa mbaya. Samaki anayehema kwa kasi karibu na uso wa maji anaweza kuwa hana ugonjwa wowote ila upungufu wa hewa. Ongeza jiwe la hewa la pili kabla ya kufanya chochote, na uwe na pampu yenye betri kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika.

Baada ya hapo ndipo uchunguzi unapoanza, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kuliko mahali pengine popote. Minyoo bapa inayojishikiza kwenye ngozi na macho hutoboa vijeraha ambavyo bakteria huvifuata. Jicho lenye ukungu ambalo watu hulitibu kwa kiuavijasumu mara nyingi ni kazi ya minyoo hiyo. Njia rahisi ya kujua ni kumwogesha samaki kwa dakika kama tano katika maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH (kipimo cha uasidi wa maji) sawa na ya tangi lake na yanayopigwa hewa muda wote, huku ukimwangalia bila kuondoa macho. Minyoo ikiwapo, hubadilika kuwa myeupe na kudondoka chini ya chombo. Jicho moja lililotokeza nje kwa kawaida limegongwa. Macho mawili yakitokeza pamoja, shaka ya bakteria walioingia mwilini ni kubwa zaidi. Kidonda chekundu ubavuni kinataka uangalifu wa pekee, kwa sababu kiumbe mdogo aitwaye Uronema marinum huwaachia samaki jamii ya Chromis alama inayofanana sana na kidonda cha bakteria, na viuavijasumu vya kawaida havimgusi. Mwenye hadubini akikwangua ute kidogo na kuutazama atawaona wakiogelea.

Samaki akiwa na mistari ya damu kwenye mapezi, vidonda vinavyopanuka siku hadi siku, mapezi yanayooza kuanzia ukingoni, na vimelea vikiwa vimeondolewa katika hesabu, basi usichelewe. Ugonjwa wa Vibrio unaweza kumuua samaki mzima wa aina ya kangaja ndani ya siku moja au mbili. Bakteria wengi wanaowashambulia samaki wa bahari ni wa kundi la Gram-hasi (moja ya makundi mawili makuu ya bakteria, yanayotofautishwa kwa rangi ya maabara), ndiyo maana eritromaisini, ambayo nguvu yake iko zaidi kwa kundi lile jingine, mara nyingi huwa chaguo dhaifu. Kanamaisini huingia mwilini kutoka majini vizuri kuliko nyingi; nitrofurazoni hufanya kazi zaidi juu ya ngozi, na wafugaji wengi huzitumia pamoja. Nitrofurazoni imepigwa marufuku katika nchi nyingi kwa wanyama wanaoliwa, hivyo isikaribie kamwe bwawa la ngege au kambare. Oksitetrasaiklini, inayopatikana kirahisi kuliko zote katika maduka ya dawa za mifugo ya Container Village jijini Kampala, haifai kumiminwa kwenye maji ya bahari, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu huishika na kuifanya butu. Ikichanganywa na chakula husaidia, kwa kawaida kwa siku 10 mfululizo, mradi samaki bado anakula. Pakiti nyingi za kuku zina vitamini na sukari ndani yake, na hizo huchafua maji vibaya sana. Soma maandishi yote ya pakiti kabla ya kulipa.

Vipimo vya dawa sitaviandika hapa, kwa kuwa nguvu ya kila bidhaa ni tofauti. Daktari wa mifugo akupigie hesabu kwa lita halisi za maji. Chuo cha mifugo cha Makerere kina watu wanaojua kuotesha bakteria na kupima ni dawa ipi inawaua, na samaki aliyekufa muda mfupi uliopita, akiwekwa kwenye barafu bila kugandishwa, anaweza kuwaokoa wenzake. Desturi ya kuwatia dawa wageni wote hata kama hawaonyeshi dalili siikubali hata kidogo: inazalisha bakteria sugu, na inaua bakteria wema wa kwenye sifongo.

Hilo la mwisho ndilo linalowaua samaki wengi katikati ya matibabu. Kichujio kikidhoofika amonia hupanda, na kwa pH ya 8.2 sehemu yake yenye sumu ni zaidi ya mara 10 ya ile ya pH 7. Pima amonia kila siku, badilisha maji, na urudishe dawa kulingana na kiasi cha maji mapya tu. Mkaa amilifu (ule unaofyonza dawa majini) na taa ya urujuanimno (UV) viondolewe, mwanga upunguzwe, na dozi ikamilishwe hata kama samaki ameanza kupendeza. Kisha akae wiki nne nyingine bila dawa, ukimtazama. Vaa glavu muda wote: Mycobacterium marinum, bakteria aliyeelezwa mwaka 1926 kutokana na samaki wa hifadhi ya samaki ya Philadelphia, Marekani, huingia kwa binadamu kupitia mkwaruzo mdogo wa kidole na huhitaji miezi ya matibabu.

Maji yenye dawa yasimwagwe mferejini. Mfereji wa Nakivubo huishia katika ghuba ileile ya Ziwa Victoria ambako jiji huteka maji yake ya kunywa, pale Ggaba. Yapitishe kwenye mkaa amilifu kwa siku nzima, kisha uyamwage kwenye shimo la choo.