Baba Alipohakiki Orodha ya Vyombo

Familia yetu ilifika Lexington, katika jimbo la Kentucky, mwezi Oktoba mwaka 2016, ikiwa na watu saba, mabegi machache ya nguo na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao kila mkimbizi aliyewahi kupandishwa ndege kwenda Marekani anaujua, kwa kuwa ndani yake ndimo zinamokaa karatasi zake zote na huonywa asiutoe mkononi. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Wazazi wangu waliingia hapo mwaka 1996, mwaka ule ule kambi ilipofunguliwa, wakikimbia vita vya Fizi, mashariki mwa Kongo, nami nikazaliwa hapo hapo. Ninayotaka kuyasimulia ni ya siku ya pili tu baada ya kufika, pale mwanamke wa shirika lililotupokea alipokuja na karatasi yenye majina ya vyombo vyote vya nyumba kwa Kiingereza, akamwomba baba atie sahihi, na baba akakataa kuitia mpaka kila jina lioneshwe chombo chake.

Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, na namna nilivyokipata inafaa ielezwe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niwe mkalimani wa nyumbani bila kustahili. Shule za Wakongomani pale kambini zilifuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo darasani tulisomeshwa kwa Kifaransa, nyumbani tukazungumza Kibembe, na njiani na sokoni Kiswahili. Kiingereza kilianza kutafutwa kwa pupa pale watu walipoanza kuitwa kwenye usaili wa kwenda Marekani. Kijana mmoja wa kijiji chetu alifungua darasa la jioni kanisani. Alichora nyumba ubaoni, akaigawa vyumba, akajaza kila chumba vitu vyake, nasi tukaviimba kwa mpangilio ule ule kila jioni: jikoni kuna "stove", "sink" na "refrigerator"; chumbani kuna "bed", "pillow" na "blanket"; sebuleni kuna "sofa", "lamp" na "curtain". Nyumba tuliyorudi kulala baada ya darasa ilikuwa ya matofali ya udongo, yenye vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa kitenge, na jiko lake lilikuwa nje, mafiga matatu chini ya kibanda cha nyasi. Mtu angeniuliza "sink" ni nini, ningemjibu bila kusita kwamba liko jikoni, na elimu yangu ingeishia hapo. Mafunzo rasmi ya kabla ya safari yalitusogeza mbele kidogo, kwa kuwa mwalimu alitumia Kiswahili na picha za rangi, lakini katika picha hizo jokofu, choo na beseni la kuogea vyote vilikuwa na ukubwa mmoja.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ghorofa ya pili, ina zulia kutoka ukuta hadi ukuta, na tulipoingia usiku tulikuta wali na kuku mezani, kwa kuwa kanuni za mapokezi zilitaka mgeni akute chakula kilicho tayari kuliwa, cha aina anayoizoea. Tulikula kimya kwa uchovu. Taa ndefu iliyosimama pembeni mwa sebule ilikuwa inawaka, na ilipofika saa ya kulala hakuna aliyejua inazimwa wapi. Tulipapasa kuta zote, tukabonyeza kila kitufe tulichokiona, mpaka mama akasema tuiache iwake, Mungu atatusamehe umeme wa watu.

Yule mwanamke alifika asubuhi na simu aliyoiweka mezani ikiwa imefunguliwa sauti, na ndani ya simu alikuwamo mkalimani wa kiume, mtu wa pwani ya Kenya kwa lafudhi yake. Baba alimwita mgeni wetu Madamu, akaendelea kumwita hivyo miaka yote. Madamu alituzungusha nyumbani kwa utaratibu: jiko la umeme ambalo bamba lake huendelea kuunguza hata baada ya kuzimwa, kengele ya moshi iliyo darini, kisanduku cha ukutani cha kuongeza na kupunguza joto, pazia la plastiki ambalo ncha yake lazima iingie ndani ya beseni la kuogea ili maji yasimwagikie jirani wa chini, na namba 911 ya dharura. Tuliitikia yote. Kisha akatoa karatasi zake na kalamu, akaonyesha mahali pa sahihi.

Orodha ile haikuwa ya kubuniwa na shirika. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, iliyokuwa ikigharimia mapokezi ya wakimbizi, ndiyo iliyopanga kwamba kila familia ipate vitu fulani: kitanda na godoro kwa kila mtu, isipokuwa mke na mume au watoto wadogo wanaoweza kulala pamoja, meza moja ya jikoni na kiti kimoja kwa kila mtu, sahani, bakuli, kikombe, uma, kisu na kijiko kwa kila mtu, taulo, mto, shuka, mablanketi, sabuni, ufagio, hata kalamu na karatasi. Si lazima viwe vipya, ila viwe safi na vizima. Vilivyotolewa na makanisa na watu wema havikuhesabiwa fedha, bali vile vilivyonunuliwa vilikatwa katika fungu letu wenyewe la mapokezi, na jambo hili baba aliliuliza mara mbili ili alisikie vizuri.

Wenye kumwona baba kuwa msumbufu siku ile hawakumjua kambini. Alikuwa katika kamati ya chakula kwa miaka mingi, na kazi yake siku za mgao ilikuwa kusimama kwenye mizani, pale ambapo mtu aliyekwisha kupokea unga na maharage yake huja kuyapima tena kabla hajaondoka. Vilipoletwa vyombo, ndoo, sufuria, mikeka na vyandarua, alikuwa mmoja wa wanaohesabu. Nimemwona akilisimamisha zoezi zima kwa ajili ya ndoo mbili. Isitoshe, kabla hatujaondoka alikuwa ametia sahihi hati ya deni la nauli ya ndege ya watu saba, deni lisilo na riba lakini ni deni hata hivyo, linaloanza kulipwa baada ya miezi sita. Sahihi yake ya mwisho ilikuwa imemgharimu maelfu ya dola. Sioni ajabu kwamba hakuitoa ya pili kirahisi.

"Mwambie Madamu kwamba sikatai," alisema akiielekea simu, kama vile mkalimani angeweza kumwona. "Nataka tuhesabu pamoja. Mtoto wangu atasoma, mimi nitashika kitu, tutaweka alama."

Madamu alitazama saa, akatazama karatasi, akavua koti. Nadhani hakuwahi kuombwa hivyo. Mwenye nyumba wa kawaida, amechoka na safari na ana haya mbele ya wenyeji, hutia sahihi akaenda kulala.

Tukaanza na chumba cha wazazi. Nilisoma "mattress", baba akalipiga godoro kwa kiganja, nikaweka alama. Nilisoma "bed frame", akainama akashika chuma. Kisha nikasoma "box spring" na kunyamaza, kwa sababu katika nyumba ya mwalimu wetu ubaoni haikuwamo. Baba aliuliza boksi liko wapi. Mkalimani naye alisita, akasema ni kitu kama boksi lenye springi. Tulitafuta kabatini, tukatazama uvunguni, mpaka Madamu akainua ukingo wa godoro na kutuonyesha kwamba lile tulilolidhania kuwa godoro la pili lilikuwa kitu kingine kabisa. Baba hakuridhika. Alimwita kaka yangu, wakaliondoa godoro na kulisimamisha ukutani, akaligonga lile boksi kwa vifundo vya vidole pembeni na kusikia mbao, akalikandamiza katikati na kusikia springi zikilalamika chini ya kitambaa cheupe chenye maua ya kijivu. Aliuliza kwa nini kitanda kiwe na sakafu ya pili juu ya chuma. Madamu alieleza kwamba hulinyanyua godoro na kulifanya lisichoke haraka. Baba alilitafakari jibu hilo, akaona lina maana, akaniambia: "Weka alama." Vitanda vyote vilivyobaki alivikagua kwa kugonga tu.

Sebuleni niliaibika. Neno lililoandikwa lilikuwa "couch", nami nilijifunza "sofa", kwa hiyo nilibaki nikilikodolea macho huku kitu chenyewe kikiwa mbele yangu na mdogo wangu amekikalia. Niliposoma kwa sauti, nikilitamka vibaya bila shaka, baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutue. "Kochi si hilo?" alisema. Tangu hapo alipata moyo wa kukisia mwenyewe. Nilipotamka "blanket" alikuwa amekwisha kulinyanyua blanketi, na "towel" ikamkuta na taulo begani. Hakumsubiri tena mkalimani kwa vitu hivyo. Ilipofika "lamp" ndipo Madamu akatuonyesha kijipini kidogo cha kuzungusha chini ya balbu, na mama, ambaye alikuwa akitufuata chumba kwa chumba bila kusema neno, akakizungusha mara kadhaa mfululizo, akiwasha na kuzima. Yeye na mkalimani walikwama kwenye mto: mkalimani alisema kuna foronya saba, mama akasema hazijui foronya, akaambiwa ni mfuko wa mto, akauliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo.

Jikoni ndiko tulikokaa zaidi. Sahani, bakuli na vikombe vilipangwa mezani saba saba, vya rangi na ukubwa tofauti, kwa kuwa vilitoka katika nyumba za watu mbalimbali, na baba aliwataka wadogo zangu washike kila mmoja vyake ili asihesabu kitu kimoja mara mbili. Sufuria, kikaango, mwiko wa mbao na kisu kikubwa vilipita bila maneno. Kikabaki kifaa cha chuma chenye mikono miwili na gurudumu dogo lenye meno. Karatasi ilisema "can opener", mkalimani akasema kifungua kopo, baba akasema haya, kifungue. Madamu alichukua kopo la maharage kutoka kabatini, akalibana ukingoni, akazungusha, na kifuniko kikatoka mduara mzima bila kupindapinda. Baba alikiokota kile kifuniko na kukigeuzageuza. Kambini mafuta ya kula yalikuja katika makopo ya bati yaliyoandikwa USA, na wanakamati waliyatoboa kwa kisu au msumari, tena wengine wamebaki na makovu.

"Mwambie Madamu," alisema, "miaka ishirini mlituletea makopo, kifunguo chake mkakiacha nyumbani."

Mkalimani alicheka kwanza, kisha akatafsiri, na Madamu akacheka mpaka akakaa. Baada ya hapo kazi ilikwenda upesi zaidi, maana hata yeye alianza kutamka majina kwa madaha na kuviinua vitu juu kama muuzaji wa mnada. Saa ya kengele ilikuwa katika vitu vya mwisho. Baba alishangaa serikali kumpa mtu saa ya kumwamsha, akaelezwa kwamba wakubwa wanatarajiwa kuanza kazi mapema iwezekanavyo, na mabasi ya viwandani hayasubiri. Aliniagiza niilize, akasikiliza mlio wake mpaka mwisho.

Tatizo lilibaki viti. Karatasi ilidai saba na meza ilizungukwa na sita. Madamu alisema kwa upole kwamba mdogo wetu wa mwisho ni mtoto, anaweza kupakatwa au kukaa kwenye kochi, na hakusema uongo; kambini sisi watoto tulikulia mkekani na wala hatukuona tumepungukiwa. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba nisome tena mstari ule, nikausoma: kiti kimoja kwa kila mtu. Akachukua kalamu, na pembeni mwa neno "chair" akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama, ule wa madaftari ya mgao: viti 6, kimoja bado. Chini ya ukurasa akatia sahihi, jina kamili na tarehe.

Kiti cha saba kililetwa wiki iliyofuata, cha chuma, cha kukunja, kisichofanana na vingine. Baba alikikunjua, akakikalia, akaomba karatasi yake ili ayafute yale maneno. Alipoambiwa kwamba imekwisha kuingia katika jalada ofisini, alinituma karatasi na kalamu kutoka katika zile zilizokuwamo kwenye orodha, akaandika kwa Kiswahili kwamba kiti kimepokelewa, kizima, akatia sahihi na tarehe, akamkabidhi Madamu aende nayo.