"Ndiyo" ya Mteja Isikutulize

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba utamaduni wa mgonjwa si somo la kuhitimu. Walidai unyenyekevu: kujichunguza maisha yote, kupunguza pengo la madaraka, na kushirikiana na jamii kwa faida ya pande zote. Wazo hilo limeingia pia kwenye sheria, sera na huduma za jamii. Huko mara nyingi linakwamia kwenye neno "ndiyo".

Mwanaisimu Diana Eades alionyesha jinsi Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wanavyoweza kuitikia "ndiyo" mtu mwenye mamlaka anapowauliza mfululizo, hata wasipokubali au wasipoelewa swali. Kwenye maandishi ya polisi jibu hilo linasomeka kama kukiri. Kimya chao, ambacho huenda ni kutafakari tu, kinachukuliwa kuwa hatia. Mtu anaweza kufungwa kwa adabu yake.

Kwa hiyo wewe unayemhudumia mteja, usiulize "Umeelewa?" wala "Ulikuwepo, sivyo?" Sema "Nieleze ilivyokuwa", kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Kabla hajatia sahihi, mwombe akusimulie hati ile kwa maneno yake. Akikosea, ni wewe uliyeeleza vibaya, basi eleza upya.

Mkalimani asiwe mtoto wa mteja wala jirani yake. Mtoto ataruka ya aibu, na mbele ya jirani mteja ataficha. Kaa na mkalimani dakika tano kabla: atafsiri yote, hata matusi na kusitasita, na asimjibie mtu. Mtazame mteja, mwambie "wewe", si "hebu muulize". Akizungumza dakika mbili ukaletewa maneno manne, simamisha na uombe yarudiwe.

Wenye nia njema nao hukosea kwa kuja na orodha ya mila za kabila la mteja. Huyo aliye mbele yako huenda hazifuati hata moja. Muulize yeye.

Upande wa sera, tatizo ni ratiba. Mkutano wa wananchi ulioitishwa rasimu ikiwa tayari ni tangazo tu. Wapelekee tatizo likiwa bado halina jibu. Wasiosema mbele ya wazee wasikilize kando. Kisha rudi uwaonyeshe hoja ipi imeingia, ipi imeachwa, na kwa nini. Safari hiyo ya kurudi ndiyo hukatwa kwanza fedha zikipungua, kwa hiyo itengewe fungu lake tangu siku ya kwanza.