Waini ya moto Raskazone, na bili nikaachiwa mimi

Jamani nipo likizo nyumbani Tanga na kuna jambo limenikaa kooni. Tulienda na washkaji hoteli moja ya huku Raskazone, jioni, upepo umekata, joto mpaka shati linaganda mgongoni, mezani changu wa kuchoma, mishkaki, chipsi, kachumbari. Nikamwomba dogo anayehudumia waini nyekundu nyepesi, halafu aitie kwenye barafu kama nusu saa hivi. Akaniambia, "Kaka, red haiwekwi barafu, na kwa samaki inatakiwa white." Sijajibu, mshkaji akadakia: "Mletee ile kubwa bwana, huyu mtu wa Ufaransa, hawezi kunywa za bei chee."

Ikaja chupa nzito yenye pombe asilimia 14 na nusu, ilikuwa imesimama rafu ya juu karibu na mlango wa jiko, ukishika ina uvuguvugu. Bili ilipofika kila mtu akaanza kuangalia simu yake. Kwa hela ile asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea unarudi na ndoo ya samaki, wenyewe mnajua.

Hela inauma ndiyo, ila kinachoniuma zaidi ni hii imani kwamba tulioko nje tunaishi kwa vitu vya gharama. Mimi nipo Lyon, nafanya kazi jikoni, nasimama toka asubuhi mpaka miguu inavimba, na kodi ya chumba ikishatoka mshahara hauna hadithi tena. Na Lyon ni mji wenye sifa ya chakula Ufaransa nzima, lakini majira ya joto yakiingia watu wa kawaida wanakunywa Beaujolais, waini nyekundu ya mashamba yaliyopo kaskazini ya mji, na wanaipoza. Kwenye vile vimgahawa vyao wanavyoita bouchon unaletewa kwenye kichupa chenye kitako kinene, sentilita 46, mnagawana na kuku au saladi, hakuna aliyevaa suti.

Zabibu yake inaitwa Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, jimbo lililo kaskazini ya Beaujolais, Philippe le Hardi, aliipiga marufuku kwenye ardhi yake akisema ni zao baya, ikabaki kusini huko Beaujolais na ndiko ilikopata sifa. Waini nyingi za kule vichala vinaingia kwenye tanki vizima vizima bila kusagwa, juisi inaanza kuchacha ndani ya punje yenyewe, ndo maana inatoka na harufu ya matunda na ukakasi kidogo tu. Hapo ndo siri ilipo. Ukakasi ukipozwa unazidi kukaba ulimi, kwa hiyo ile chupa kubwa ya juzi hata ungeitia barafu isingenyweka vizuri, na ukiichanganya na samaki mwenye mafuta mdomo unabaki na ladha ya chuma. Ukiinywa ya moto nayo pombe inakupanda puani. Nyepesi yenye asilimia 12 au 13, ikipozwa mpaka nyuzi 12 au 14, inapita na changu wa ndimu bila ugomvi wowote, na mishkaki ndo usiseme. Pilipili pia, pombe ikiwa kali inauwasha moto mdomoni, nyepesi haiuchochei sana. Sisi watu wa Muheza tuliokulia kwenye mnazi mbona hili tunalijua, mnazi mtamu wa asubuhi nani anausubiri upate moto?

Msimu mmoja nilienda kuvuna huko, mwishoni mwa Agosti. Mgongo unakatika, mikasi inakata vidole, jua halina huruma. Saa sita mzee mwenye shamba akatuita wote chini ya mti, akatoa chupa kwenye ndoo ya maji ya kisima, karatasi zimeshabanduka kwa kulowa, akatukatia nyanya na kuku wa baridi kwa mkono wake mwenyewe, na mimi akanimiminia wa kwanza kwa sababu nilikuwa mgeni. Pale nilipo kazini kuna watu hata salamu hawaitikii, kwa hiyo yule mzee sitamsahau.

Wadogo zangu mnaoniuliza inbox kuhusu kazi za kuvuna: msipande kwenye gari la mtu bila mkataba mkononi, ulizeni kulala na kula nani analipa, na mwenye viza ya mwanafunzi ujue unaruhusiwa masaa 964 kwa mwaka, usizidishe, usije ukaharibu karatasi zako kwa ajili ya zabibu.

Na wenye hoteli zetu, joto la Tanga mnalijua kuliko mimi. Tieni nyekundu kwenye friji, itoeni dakika kumi kabla ya kuleta mezani. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nyekundu kavu, yaani zisizo na utamu, za pale zipo, za bei ya kueleweka, kwa nini menyu nzima ni chupa za kutoka mbali?

Jumamosi tupo kwa dada yangu Chumbageni, chupa za Dodoma zinaingia ndoo ya barafu saa kumi, mishkaki saa kumi na moja. Asiyekunywa kuna maji ya ukwaju. Na kila mtu aje na mchango wake.