Inabadilika? Siku moja kwenye meza ya tiketi, Kariakoo

Jumatano, 22 Machi 2023

Saa 11:15 alfajiri. Ujumbe wa kwanza unaingia hata uso sijanawa: "Dada, habari za asubuhi. Ile tiketi ya Bukoba nikighairi narudishiwa ngapi?" Ni mzee mmoja wa Kihaya anayeishi Ukonga, safari yake kesho kutwa. Kilichomnyima usingizi nakijua. Jana Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa haujulikani kule Kagera, mkoa ulipo Bukoba, ni Marburg, homa kali ya virusi. Waliougua 8, waliofariki 5, na mmoja wao ni mhudumu wa afya. Nchi nzima imelala na habari hiyo, na kukipambazuka watu wanaanza na sisi wakata tiketi za ndege. Namjibu, "Shikamoo baba. Usighairi kwanza, njoo ofisini tuongee."

Saa 12:30. Daladala ya Segerea. Kuna dada amevaa barakoa, kitu ambacho siku hizi hukioni mara kwa mara. Siti ya pembeni yake imebaki wazi mpaka Buguruni, na anayepanda daladala hii saa hizi anajua huo ni muujiza. Konda anapiga kelele, "Kaeni hapo jamani, siti haiumwi!" Mama mmoja mtu mzima anamjibu, "Mwanangu, 2020 wakati wa korona tulijifukiza nyungu mpaka ngozi ikababuka, tuache tuchague pa kukaa." Basi zima linacheka, lakini siti haikaliwi.

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua ofisi. Dirishani kwetu unaliona soko kuu lililoungua Julai 2021, bado wanajenga. Zamani tulikuwa na meza nne zenye watu, sasa mbili. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia nchini, mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Sisi hatuuzi safari za mbugani, ila ndege zikipungua, zinapungua kwa wote. Mwenzangu mmoja sasa anauza vitenge mtaa wa pili, na akiniona ananitania: "Bado unauza hewa?"

Saa 3:00. Wanaanza kupanda ngazi wateja wa safari za China. Hawa ndio Kariakoo yenyewe: wauza mapazia, taa, viatu, vipuri. China ilifunga mlango kwa wageni tarehe 28 Machi 2020, na viza za kawaida zimeanza kutoka tena tarehe 15 mwezi huu, yaani juma lililopita. Muda wote huo waliagiza kwa simu. Wengine walipata mawakala waaminifu, wengine walipata mafunzo. Kwenye picha pazia ni damu ya mzee, kontena likifunguliwa ni zambarau, na pesa imeshakwenda. Ndiyo maana wana haraka ya kurudi Guangzhou kushika kitambaa kwa mkono.

Kabla ya korona mteja wa hivi alikuwa na maswali mawili tu: bei gani, na kilo ngapi. Sasa hata salamu haijaisha anauliza, "Inabadilika?" yaani tarehe ya tiketi.

Hapo ndipo kazi yangu ilipogeuka. Siku hizi sehemu kubwa ya asubuhi nasoma masharti, siuzi. Wengi walisikia kwamba mashirika yamefuta faini ya kubadili tarehe, wakadhani kubadili ni bure. Faini ni jambo moja, tofauti ya nauli ni jambo jingine. Ukitoka tarehe ya bei ndogo ukaenda tarehe ambayo ndege imejaa, unalipa hiyo tofauti, na mara nyingine inazidi faini yenyewe. Jambo jingine ambalo nalirudia mpaka sauti inakauka: kama huendi, sema kabla ndege haijaruka. Hata tiketi isiyorudishiwa fedha huwa ina kodi ambazo unaweza kurejeshewa. Ukinyamaza ukalala nyumbani, ndege ikaondoka, umejifungia mwenyewe.

Halafu kuna kipimo. China bado wanataka kipimo cha korona kilichofanyika ndani ya saa 48 kabla ya kupanda ndege. Ukipima mapema cheti kinakufia mkononi, ukichelewa unafika uwanjani majibu hayajatoka. Nachora saa hizo kwenye karatasi, mteja anaikunja na kuiweka ndani ya pasipoti. Karatasi hiyo wanaiamini kuliko ujumbe wa simu, sijui kwa nini.

Saa 5:00. Anaingia mama muuza mapazia na bahasha ya kaki. Ndani mna vocha. Tiketi yake ya 2020 haikusafirika, shirika likampa vocha badala ya fedha. Karatasi imekunjwa mara nne, pale kwenye mkunjo imekatika na kuungwa kwa selotepu ambayo nayo imeshakuwa ya njano. Nyuma kuna namba za simu tatu kwa kalamu ya Bic, mbili zimekatwa mstari. Jina lake limekosewa herufi moja.

Napiga simu. Muziki. Napiga tena. Muziki uleule. Mama anakunywa chai yangu, anasimulia jinsi alivyouza kiwanja cha Chanika ili duka lisifungwe. Mwishowe napata mtu. Muda wa vocha umepita, lakini watafungua shauri, tusubiri siku 14.

"Hiyo nimeshaizika mwanangu," anasema, huku anairudisha vocha kwenye bahasha kwa uangalifu wa mtu ambaye hajaizika hata kidogo. "Wewe nikatie mpya. Ila hii iwe inabadilika."

Tiketi inayobadilika inazidi ile ya kawaida kwa bei, na ni mama huyuhuyu aliyekuwa akinibishia hata elfu kumi. Leo kalipa bila neno. Mimi siioni kama anasa. Mfanyabiashara aliyefungiwa mlango miaka mitatu anajua thamani ya ufunguo.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage na dagaa kwa mama ntilie wa chini. Mazungumzo ni mwezi wa Ramadhani tu. Saudia wameshatangaza kufunga kuanzia kesho, kwetu tunasubiri jioni.

Saa 8:30. Shikamoo kwa mzee wa Temeke. Tiketi za Hijja tunakata kwa makundi kupitia taasisi, lakini yeye kaja mwenyewe kuhakikisha jina lake limo. Mwaka jana Saudia waliruhusu mahujaji milioni moja, wote wawe chini ya miaka 65. Yeye umri huo kaupita zamani. Mwaka huu kikomo cha umri kimeondolewa.

"Na wakifunga mlango tena?" ananiuliza.

"Baba, hilo sina uwezo nalo."

"Najua. Nataka tu kusikia kama na wewe unaogopa."

Namwonyesha jina lake kwenye skrini. Analisoma herufi kwa herufi, kidole kikiwa juu ya kioo.

Saa 10:00 jioni. Mzee wa Bukoba kafika, na mwanawe wa kiume. Safari ni ya kumaliza msiba wa kaka yake. Mtoto hataki aende. Mzee anasema ndugu zake watamwelewaje. Serikali haijafunga mkoa, na Marburg haisambai kwa kukaa tu karibu na mtu ndani ya ndege. Huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na chanjo yake haipo. Nawaeleza hayo, na namba ya simu ya Wizara ya Afya nawapa waulize wenye taaluma.

"Kwani marehemu si alishazikwa?" mtoto anauliza. "Kwenda huko ni kukumbatiana tu."

"Msiba ni kukumbatiana," mzee anajibu.

Sikuingilia. Nikawaonyesha kwamba tiketi inasogezwa mara moja tu bila faini, na kwamba kughairi kabisa kutamrudishia kidogo sana. Wakabishana Kihaya, mwishowe mzee akasema tughairi. Nikamwomba alale na wazo hilo, ndege ni keshokutwa jioni. Kamisheni yangu haibadiliki kwa lolote atakaloamua, na mwanawe nilimwambia hivyo alipoanza kunitazama vibaya.

Saa 12:30 jioni. Nafunga. Foleni.

Saa 3:40 usiku. Simu. Ni mzee wa Ukonga: "Dada, nimeghairi kughairi. Nimeongea na shemeji, wamekubali tusalimiane kwa mbali. Nisogezee wiki ijayo. Halafu niambie, hiyo nayo inabadilika?"

Nimemjibu haibadiliki, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake moja. Anaandika. Anafuta. Anaandika tena.