Taiti za timu ya netiboli

Mwalimu wa michezo alifika kwetu Ngamiani, Tanga, karibu na magharibi, kabeba mfuko wa rambo uliojaa kitambaa cheusi cha kuvutika alichoagiza Kariakoo. Timu ya netiboli ilikuwa inaingia kambini kujiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na wazazi walikuwa wameshasema: binti hachezi na kile kisketi bila taiti ndani. Za dukani bei ilimshinda. Mama ndiye aliyeshona sare za nusu ya shule ile, basi mwalimu akaona kesi imekwisha.

"Mama Zuhura, ni huku na huku tu, halafu unatia lastiki."

Mama alikivuta kitambaa kwa vidole, akakiachia, akakivuta tena. "Mwalimu, hiki sijakizoea. Lakini acha nikione."

Yeye alikuwa mtu wa tetroni na kaki. Marinda ya sketi aliyapanga bila rula. Cherehani yake, Butterfly nyeusi ya miguu, ilijua mshono mmoja tu, wa moja kwa moja, zigizaga haina. Fundi mwenye ovaloki, mashine ya mishono inayovutika, alikuwepo barabara ya pili, ila mashine yake ilitaka umeme, na wiki ile umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri. Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu. Kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi na kuzungusha gurudumu Mama anapoanza kukanyaga.

Taiti ya kwanza ilitoka na mshono wenye mapengo. Sindano inazama, inapanda, uzi wa chini haujashikwa. Mama akashuku uzi, akaubadilisha. Akashuku bobini, akaipuliza vumbi. Wapi! Ndipo akanituma kwenye duka la vifaa vya mafundi, nimwambie muuzaji kwamba tunashona kitambaa cha fulana. Yule mzee hakuuliza mara mbili, akanipa kipakiti cha sindano. Njiani nilizijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Ile ya zamani niliyopewa kama sampuli ilikwaruza, hizi ziliteleza, maana ncha yake ni butu kidogo, ya mviringo. Kitambaa cha namna ile kimefumwa vitanzi kwa vitanzi, kama sweta, na sindano ya mviringo inapita katikati ya vitanzi badala ya kuvitoboa. Ile kali kitambaa kiliing'ang'ania na kupanda nayo, uzi wa juu ukakosa nafasi ya kufanya kitanzi, ndoana ya chini ikapita patupu.

Mapengo yakaisha. Tukadhani tumemaliza.

Jirani mmoja, fundi wa mapazia, akapita na ushauri wake: tandikeni gazeti chini ya kitambaa, mshone navyo pamoja, mwisho mlichane. Kweli mshono ulinyooka, hata Mama akausifu. Nikakaa na kuchomoa vipande vya gazeti kwa kucha. Mdogo wangu wa kiume akalazimishwa kuivaa taiti juu ya bukta yake, akanuna, akaambiwa achuchumae. Tukasikia tra, tra, tra, kuanzia msambani hadi pajani. Kitambaa kilikuwa kizima. Kilichokatika ni uzi.

"Huu mshono wa kutazamwa," Mama akasema, akaitupa taiti mezani.

Usiku alichukua fulana ya mtumba, akaigeuza ndani nje chini ya taa ya chemli na kuuvuta mshono wa ubavuni. Uzi ulikuwa umelazwa kwa kupinda. Ukiuvuta unanyooka, ukiuachia unarudi. Akauvuta na kuuachia hadi nikachoka kumtazama. "Uzi wao una akiba," alisema. "Wetu umekaza tangu mwanzo."

Asubuhi akalegeza skrubu ya juu ya kichwa cha cherehani ili kile kiguu kisikikandamize sana kitambaa. Uzi wa juu nao akaulegeza, akatia wa polista. Halafu akakishika kitambaa kwa mikono miwili, mmoja mbele ya sindano na mmoja nyuma, akakitanua kidogo huku anashona. Mkono wa nyuma ulikwenda kwa mwendo wa meno ya cherehani. Ukiuzidisha, sindano inapinda na kugonga bati. Nikawa nazungusha gurudumu na kuogopa kupiga chafya.

Ulitoka mshono wa ovyo, umejikunjakunja kote. Ningekuwa mteja ningeukataa. Mama hakujali. Akapitisha wa pili milimita 3 pembeni yake, na msambani akatia kipande cha pembe nne ili mishono yote isikutane pahali pamoja. Pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi ililaza mikunjo mingi, si yote. Lastiki haikusumbua.

Siku ya kwenda kambini wasichana walikuja kujaribu. Mlinda goli wao, mrefu kuliko mwalimu, hakutaka mambo ya kuchuchumaa. Alipiga msamba palepale kibarazani, wenzake wakapiga vigelegele. Alipoivua, Mama akaukagua mshono mwanzo hadi mwisho kwa tochi ya simu. Mzima.

Mwalimu akafurahi mno, akaanza kuzungumzia taiti za wavulana wanaokimbia mita 100.

"Lete kwanza hela ya hizi, Mwalimu," Mama akamwambia.